Damu ya Mzee Yupi?

Kwa wale ambao gazeti la wiki iliyopita liliazimwa na jirani likarudi limefungiwa sabuni, nitawapa kwa ufupi ili twende pamoja.

Mimi ni fundi. Nafuma masweta ya shule kwa mashine, sebuleni kwangu, na sketi nashona pia. Mume alishakwenda zake; hayo mliyasoma wiki ya pili, na wapo walioniandikia kunipa pole na wapo walioandika kumpongeza yeye. Nina mtoto mmoja, wa kike, yuko darasa la mwisho, na mwaka huu ndio wa mtihani wake.

Na ni mimi niliyesimama kwenye mkutano wa wazazi, bila kuitwa na mtu, nikapendekeza kwamba mwanafunzi yeyote ambaye sare yake ina kasoro arudishwe nyumbani kutoka getini. Nilisema ni kwa ajili ya nidhamu. Nilikuwa naongopa. Nilikuwa na mashine mpya na wateja wachache, basi.

Wakanipigia makofi. Wakaniingiza kwenye Kamati ya Mavazi, wakanipa kalamu niandike mwongozo, kwa sababu eti kati ya wazazi wote mimi ndiye ninayejua tofauti ya pindo na rinda. Kichwa kikavimba. Nikaandika vipengele kumi na vinne. Sketi iwe vidole vinne chini ya goti. Shati lichomekewe muda wote. Soksi ziwe nyeupe, na nyeupe yenyewe ionekane kwa macho, isiwe ya kuelezewa. Kipengele cha saba nilikiandika nikiwa natabasamu, kwa sababu ndicho kilichonihusu: "Sweta liwe rangi ya damu ya mzee."

Wiki iliyopita niliwaachia pale mwalimu mpya wa nidhamu alipoingia ofisini kwa mwalimu mkuu, nami nimo humo, na mwongozo wangu mkononi, akakaa bila kukaribishwa, akauliza: "Damu ya mzee yupi?"

Mlidhani anatania. Hata mimi nilicheka, na nilicheka peke yangu.

Huyu mwalimu wanafunzi wanamwita Bwana Pindo, kwa sababu mtoto akimsalimia yeye huanza kuangalia pindo la sketi au suruali, halafu ndipo aitikie. Ana wiki tatu tu shuleni. Tangu nazaliwa najua damu ya mzee ni nyekundu iliyoiva na kuzama. Ukiitaja dukani muuza uzi ananyoosha mkono kwenye rafu bila kukuuliza swali. Bwana Pindo akasema hayo ni mazoea. Yeye ni mtu wa maandishi. Alikotoka, akasema, damu ya mzee ilikuwa inakaribia kahawia, na hakuna mtu aliyewahi kuifananisha na kile alichokiona kwenye migongo ya wanafunzi wetu.

Nikamwambia nimefuma masweta ya nusu ya shule na hakuna mzazi aliyelalamika. Akaniambia kwa upole kabisa, "Fundi, hii si damu ya mzee. Hii ni damu ya kijana aliyejikata na wembe asubuhi hii."

Mwalimu mkuu ni mama mwema, lakini hajawahi kukata shauri bila kikao. Akaitisha mkutano wa wazazi Alhamisi. Mtihani ulikuwa unaanza Jumatatu saa mbili kamili asubuhi, na tangazo lilishabandikwa getini: mtahiniwa asiye na sare kamili hataingia. Hayo maneno nayo, ndugu zangu, yalitoka kwenye kalamu yangu.

Basi Alhamisi tukakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa kidevu, tukajadili damu.

Mama mmoja ambaye ni muuguzi alisimama akatueleza kwamba damu haizeeki. Akasema ya mzee wa miaka tisini na ya mtoto wa jana ukiziweka kwenye vichupa viwili huwezi kuzitofautisha kwa macho. Bwana Pindo akamuuliza kama yuko tayari kuliandika hilo. Fundi baiskeli naye akataka kujua mzee anayezungumziwa ana presha au hana, kwa sababu baba yake mzazi alikuwa na presha na damu yake ilikuwa nzito. Watu wakaanza kubishana hapo kwenye presha. Kulikuwa na babu mmoja tu ukumbini, amekuja badala ya mwanawe, na baada ya muda nikaona watu wote wanamtazama yeye. Maskini, akavuta mikono ya koti mpaka kwenye vidole.

Mwalimu mkuu akashukuru kwa michango mizuri, akasema hoja ya muuguzi ni ya kitaalamu lakini haitusaidii. Akauliza kama kuna mtu mwenye sampuli. Nikanyanyuka na sweta langu. Bwana Pindo akasema fundi hawezi kuwa mshitakiwa na shahidi kwa wakati mmoja.

Halafu akafungua mkoba wake, akatoa daftari la mahudhurio.

Lilikuwa daftari la zamani, la miaka hiyo shule inaanza, alilikuta stoo. Jalada lake zamani lilikuwa jekundu, hilo sikatai. Lakini lilikuwa limekaliwa na vikombe vya chai, limeshikwa na mikono yenye chaki, pembe moja imelowa ikakauka. Akaliinua juu kwa mikono miwili. Akasema hii ndiyo rangi rasmi ya shule, waasisi waliichagua wenyewe, na kuanzia Jumatatu kila sweta litawekwa kando ya jalada hili pale getini.

Wakapiga makofi. Wale wale walionipigia mimi. Kwa hiyo rangi rasmi ya shule ikawa rangi ya daftari lililomwagikiwa chai, na masweta yangu yote yakawa makosa.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Mwanangu alikuwa mezani anasoma, vitabu amevipanga kuzunguka mashine yangu ya kufuma kwa sababu meza ni hiyo hiyo moja. Nikamweleza yote, huku naigiza sauti ya Bwana Pindo. Hakucheka. Alisubiri nimalize, akafunga kitabu.

"Mama, nakuomba kitu kimoja tu. Jumatatu usije getini."

Nikamuuliza kwa nini. Akasema yeye atalivaa sweta lolote nitakalompa, na wakimwambia avue atavua, anachotaka ni kuingia kwenye chumba cha mtihani. Alishapiga hesabu zake. Akikosa karatasi ya Jumatatu anakosa mtihani mzima, akikosa mtihani mzima anarudia darasa, na yeye kurudia darasa alishaona inavyokuwa. Hapo akafungua tena kitabu chake, na mimi nikajifanya sijaelewa.

Nilielewa vizuri sana, na hapa ndipo ninapokuja kwenye ile sehemu ambayo nimeizunguka wiki zote hizi.

Mtaani kwetu kuna mama anayefua nguo za watu. Tunamwita Mama Dobi. Shule inampa mapazia na vitambaa vya meza za ofisi afue, na ndiyo kazi yake kubwa. Ana binti ambaye mwaka jana alikuwa darasa moja na mwanangu, wakikaa dawati moja. Mwaka jana, mwezi wa pili wa kamati yetu, nilikuwa na zamu getini. Binti wa Mama Dobi akaja na sweta lililopauka. Lilikuwa limepauka kwa kufuliwa kila siku, maana mama yake ndiyo kazi yake na hawezi kuvumilia uchafu. Ningeweza kumpitisha. Nilimjua tangu anatambaa. Lakini sweta lile halikuwa limefumwa na mimi, na nyuma yake walikuwa wamepanga foleni wazazi wanaonitazama.

Nikamrudisha.

Ile siku ilikuwa ya mwisho ya kujaza fomu za mtihani wa mwaka huu. Mtoto akaenda nyumbani, akaazima sweta, akarudi anahema, akakuta fomu zimeshafungwa kwenye bahasha. Kwa hiyo mwaka huu, wakati wenzake wanajiandaa kufanya mtihani wa kumaliza, yeye amerudishwa nyuma darasa zima. Sijawahi kumwomba mama yake radhi. Nikimwona barabarani huwa nakumbuka ghafla kwamba nimesahau kitu dukani.

Sasa Ijumaa asubuhi nikamfuata. Sikuwa nakwenda kuomba radhi, msinipambe. Nilikuwa na shida ya rangi, na katika mtaa mzima hakuna anayejua rangi za nguo kumshinda yeye.

Alikuwa anaanika mashuka. Nikamwamkia, akaitikia bila kugeuka. Nikamweleza kwamba nataka sweta la mwanangu liwe la kahawia kidogo, lifanane na jalada la daftari, na nina siku tatu. Akalichukua, akalipapasa, akaligeuza ndani nje.

Akaniambia kwa maneno machache: hii ni sufu. Chai nzito, ipoe kabisa, chumvi kidogo, loweka tangu leo mpaka Jumapili asubuhi, anika kivulini. Usichemshe. Akarudia, usichemshe. Kisha akanirudishia sweta langu akaendelea na mashuka yake.

Njiani nikaanza kuwaza. Nikasema moyoni, huyu mama ana kinyongo na mimi, na ana haki ya kuwa nacho. Kwa nini anisaidie? Siku mbili kwenye maji baridi, mpaka Jumapili, halafu nikitoa nikute hakuna kilichobadilika na muda umekwisha. Nikajiona mjanja. Nikasema ananitega. Kama yeye kasema usichemshe, basi dawa ni kuchemsha.

Nikachemsha.

Nilikoroga kwa mwiko nusu saa nzima nikiimba. Rangi ilikamata, siwezi kusema uongo, ilikamata vizuri mno. Nilipolitoa lilikuwa jalada la daftari kabisa, pamoja na madoa. Nikalikamua, nikalikung'uta, nikaliinua lipate hewa. Lilikuwa limerudi. Lilirudi mpaka mikono ikawa mifupi kuliko ya kitoto cha chekechea, na shingo yake isingepita hata ngumi yangu.

Mwanangu alipotoka shule alilikuta juu ya kiti. Alilitazama, akanitazama, akauliza kama Mama Dobi ndiye aliyenielekeza hivyo. Nikasema ndiyo.

Nilisema ndiyo. Mtoto akatikisa kichwa, akasema hata yeye angekuwa Mama Dobi angefanya hivyo hivyo, akaingia chumbani kusoma.

Jumamosi na Jumapili nilifuma. Uzi niliokuwa nao ni ule ule wa siku zote, na duka la uzi lilikuwa na huo huo tu. Kwa hiyo nikafuma sweta jipya, rangi ile ile ya kijana aliyejikata na wembe. Lakini niwaambie kweli, lilikuwa sweta zuri kuliko yote niliyowahi kufuma. Mishono imelala sawasawa, shingo imekaa, viwiko nimeviwekea uzi maradufu. Hasira zangu zote nilizifumia humo ndani. Mwanangu akalivaa Jumatatu, akanishukuru, akanikumbusha ombi lake. Nikamwambia aende na amani.

Nikampa dakika kumi za kutangulia, nikavaa viatu.

Nilikwenda kuangalia tu. Nilijiambia nitasimama ng'ambo ya barabara, nimwone akiingia, nirudi. Na kweli nilisimama ng'ambo ya barabara, labda dakika mbili.

Getini walikuwa wamepanga meza. Juu ya meza limelazwa lile daftari la mahudhurio, limefutwa vumbi, limewekewa kitambaa cheupe chini yake kama vile lina homa. Bwana Pindo amesimama upande mmoja. Upande wa pili, mzazi wa zamu wiki hiyo, alikuwa Mama Dobi.

Watahiniwa walikuwa kama arobaini, foleni moja. Kila mmoja ananyoosha mkono, mkono wa sweta unawekwa kando ya jalada, Bwana Pindo anainama, anafunga jicho moja, anasema hapana. Hapana. Hapana. Hakuna aliyefanana, na wangefananaje? Na saa ilikuwa imebakiza dakika kumi na tano kufika saa mbili. Walipofika kumi hivi waliokataliwa, Mama Dobi akamwambia jambo kwa sauti ya chini. Bwana Pindo akatazama saa, akatazama foleni. Akasema haya, kwa leo, kwa ajili ya mtihani, wavue masweta wayaache mezani, waingie na mashati. Mwongozo utaendelea kesho.

Mnaona? Mambo yalikuwa yamekwisha. Watoto wakaanza kuvua. Mwanangu alikuwa wa tano kutoka mbele, akavua la kwake, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya rundo. Bado hatua tatu aingie.

Bwana Pindo akalichukua lile sweta kwa vidole viwili. Akalinyanyua, akawaonyesha walinzi na wazazi waliokuwa wamesimama pale, akasema, "Angalieni. Hata hili jipya. Fundi gani huyu, haoni rangi?"

Wazazi wakacheka.

Jamani, mimi nimeachwa na mume nikanyamaza. Nimesemwa mtaani nikanyamaza. Lakini lile sweta lilikuwa kazi ya siku mbili, na mgongo ulikuwa bado unaniuma. Sikumbuki nilivyovuka barabara.

Ninachokumbuka ni kwamba nilifika pale nikalipokonya, nikaanza. Nikamwambia yeye ndiye asiyeona rangi. Nikamwambia shule inafanywa iabudu daftari lililomwagikiwa chai. Nikamwambia kama anataka damu ya mzee, basi aende akaitafute kwenye mishipa yake mwenyewe, maana uzee anao wa kutosha. Watu wakaguna. Nikaligeuza sweta nikawaonyesha mishono, mmoja mmoja, nikawaambia waguse. Baba mmoja akagusa kweli. Nikasema sweta hili halivuliwi, litaingia kwenye chumba cha mtihani likiwa mwilini mwa mwenyewe, na asiyetaka aniue kwanza.

Bwana Pindo hakupandisha sauti. Alifungua mwongozo, akalamba kidole, akatafuta ukurasa.

"Kipengele cha kumi na moja," akasema. "Mzazi atakayefanya fujo getini, ataondoka na mtoto wake."

Nilikiandika mimi. Niliandika siku moja baada ya baba mmoja kuitukana mashine yangu mbele ya geti lile lile, nikaona nimkomeshe. Hata mhuri ulipopigwa nilisimama pembeni nikihakikisha haukufuta neno.

Akauliza mtoto wangu ni yupi.

Hakuwa anamjua. Mwanangu anatumia jina la baba yake, mtu ambaye hajawahi kununua hata kifungo cha shati lake. Bwana Pindo mimi ananijua kama fundi wa kamati, basi. Nikamtazama mwanangu, na yeye akatazama chini. Wenzake wote kwenye foleni wanajua, wamekula kwangu, wamepimwa mabega sebuleni kwangu. Wote wakaanza kutazama viatu vyao, na nikagundua wamevipiga dawa vizuri.

Nikaishusha mikono. Lakini sweta lilikuwa mkononi mwangu, na Bwana Pindo alikuwa amemwona aliyelivua.

Akamgeukia. "Wewe binti. Huyu mama ni mzazi wako?"

Dakika nane kabla ya saa mbili. Chumba cha mtihani kinaonekana pale, mlango uko wazi, msimamizi amesimama na bahasha ya karatasi za maswali kwapani.

Mwanangu akainua uso. Alinitazama machoni, hakukwepa, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo.

"Hapana, mwalimu. Huyu ni fundi tu. Ndiye aliyenifumia sweta."

Nataka kuwaambia kwamba nilijivunia. Baadaye nilijivunia. Wakati ule niliumia kama nilivyoumia siku ya kumzaa, nikawa nimeshika sweta kifuani sijui niliweke wapi.

Bwana Pindo hakuridhika. Alimtazama yeye, akanitazama mimi, nadhani aliona pua, maana pua zetu ni moja. Akamgeukia Mama Dobi. Akamwambia yeye ni mwenyeji wa mtaa huu na ni mzazi wa zamu, na analosema leo litaandikwa kwenye kitabu cha zamu kwa jina lake. Akamuuliza kama ni kweli kwamba fundi huyu si mama wa binti huyu.

Mama Dobi aliweka chini mkono wa sweta aliokuwa ameushika. Binti yake alikuwa ndani ya uwanja, kwenye mstari wa darasa lake la kurudia, anatuona kupitia nondo za geti. Mimi nilikuwa nimekwisha. Nilianza kuhesabu jinsi atakavyolisema, kama atalisema kwa ufupi au atataja na mwaka jana. Ningekuwa yeye, ningetaja na mwaka jana.

Alinigeukia.

"Namjua huyu, mwalimu," akasema. "Namjua vizuri. Hapa hana mtoto."

Akamgusa mwanangu begani, akamwambia aingie haraka kengele isije ikalia. Mwanangu akapita geti. Foleni nzima ikamfuata mbio, mashati meupe mgongo kwa mgongo, na mimi nikabaki pale nimesimama na mdomo wazi. Nilitaka kupiga magoti pale pale mbele ya yule mama. Machozi yalikuwa yameshafika. Nikasema moyoni, nikitoka hapa naenda kwake moja kwa moja, namwambia yote, ya fomu na ya kuchemsha na ya uongo niliomsingizia kwa mwanangu.

Nikageuka niondoke.

"Fundi," Bwana Pindo akaniita. "Subiri kidogo."

Alikuwa ameshakaa mezani. Ameusogeza mwongozo kando, amefungua kitabu cha zamu, ameandika tarehe na kupigia mstari chini yake. Pale juu ya mwongozo, kwenye ukurasa wa kwanza, kuna majina ya Kamati ya Mavazi ya Wazazi, na langu ndilo la kwanza.

"Hii ni kamati ya wazazi," akasema, bado ana ule upole wake. "Kila aliyemo ana mtoto hapa shuleni. Mama huyu ameniambia, na nimeandika, kwamba wewe huna. Sasa nisaidie niandike na hili. Ama yeye amenidanganya, na hapo mapazia ya shule tutatafuta mtu mwingine wa kuyafua, ama wewe umetudanganya mwaka mzima. Ni nani kati yenu?"

Mwalimu mkuu alikuwa ametoka ofisini kwake anakuja kuona kuna nini. Mama Dobi alikuwa anayapanga masweta kwenye rundo, moja baada ya jingine, hakuinua uso. Nikisema mtoto ninaye, kipengele cha kumi na moja kipo pale mezani na mlango wa chumba cha mtihani bado haujafungwa. Nikisema sina, basi wazazi wote waliosimama pale watasikia kwamba watoto wao waliorudishwa getini walirudishwa na mwanamke ambaye hata kwenye kamati hakustahili kuwemo.

Mwanangu alikuwa amebakiza hatua kama tano kufika mlangoni. Akasimama, akageuka, akawa ananisubiri nijibu kama walivyokuwa wananisubiri wengine wote.